Friedrich Fröbel: Mzee wa Tufe na Mchemraba

Ukisema hapa chuoni kwamba unasoma shahada ya elimu ya awali, jiandae kuchekwa. Wenzetu wa uhandisi watauliza kama mtihani wetu ni wa kuimba na kupiga makofi. Wa sheria watataka kujua kama miaka mitatu yote inaisha kwa kuchora duara na pembetatu. Sisi huwa tunacheka nao, maana ukikasirika ndiyo wanazidi. Lakini swali lenyewe si la utani hata kidogo. Je, kumfundisha mtoto wa miaka minne kutambua maumbo ni kazi ya kusomea? Si unamwonyesha tu picha ukutani, anataja jina, basi?

Nimeamua kulijibu kwa kuzunguka kidogo, kwa kusimulia maisha ya mtu aliyelichukua jambo hili kwa uzito ambao wengi wa wakati wake waliuona kichekesho. Anaitwa Friedrich Fröbel, Mjerumani. Sisi wa elimu ya awali tunakutana na jina lake mwaka wa kwanza, katika orodha ya waasisi, limebanwa kati ya Pestalozzi na Montessori. Mistari miwili, halafu mhadhiri anasonga mbele. Jina tunalikariri kwa ajili ya mtihani, lakini maisha yake hatusimuliwi. Na mimi naona maisha yake ndiyo somo lenyewe.

Mtoto wa pembeni

Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima ya misitu ya Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye waumini wengi na muda mchache. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miezi tisa tu. Baba akaoa tena. Mama wa kambo alimpenda mwanzoni, lakini alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, Friedrich akawa wa pembeni katika nyumba ya baba yake. Hadithi za namna hiyo tunazijua, sina haja ya kuirefusha.

Baba naye alimwona mzito wa kuelewa, akampeleka shule ya wasichana ya pale kijijini. Kwa hiyo mtoto huyu alikua mpweke, na muda wake mwingi aliumalizia bustanini na kandokando ya msitu, akitazama maua, mawe na wadudu. Mwaka 1792, akiwa na miaka 10, mjomba wake alimchukua kuishi naye katika mji wa Stadtilm. Huyu naye alikuwa mchungaji, ila mpole. Kule Friedrich alipata vitu viwili ambavyo hakuwahi kuwa navyo: mtu mzima anayemwamini, na watoto wenzake wa kucheza nao. Alikaa kama miaka mitano.

Nasisitiza hapo kwa sababu watu wengi wanaosifiwa kwa kupenda watoto huwa tunadhani walilelewa vizuri. Huyu hakulelewa vizuri. Alijua mchezo ni nini kwa mtoto kwa sababu aliukosa kwanza, akaupata baadaye, akaiona tofauti kwa macho yake.

Bumu lilipokwisha

Akiwa na miaka 15 alipelekwa kwa bwana misitu mmoja ili ajifunze kazi. Bwana misitu alikuwa fundi mzuri lakini hakuwa na muda wala karama ya kufundisha. Kijana akajisomea mwenyewe vitabu vya hesabu na mimea alivyovikuta pale, na kutwa akishinda msituni. Mwaka 1799 akaingia Chuo Kikuu cha Jena. Jena ya wakati ule kilikuwa chuo chenye jina kubwa, kimejaa wanafalsafa na washairi. Yeye alikwenda kusoma hesabu, mimea na sayansi nyingine za asili.

Sasa hapa wenzangu mtamwelewa vizuri. Pesa zilikwisha. Sehemu ya pesa zake alikuwa amemkopesha kaka yake, nazo hazikurudi kwa wakati. Deni la chakula likapanda mpaka thaler 30, na mwenye deni hakutaka masihara. Enzi zile chuo kikuu kilikuwa na jela yake chenyewe, na mwanafunzi Fröbel aliswekwa ndani wiki 9. Sisi bumu likichelewa tunalalamika kwenye makundi ya simu na kula chipsi kavu. Yeye alifungwa. Alipotoka mwaka 1801 alirudi nyumbani bila shahada, na mwaka uliofuata baba yake akafariki.

Miaka iliyofuata alitangatanga. Alikuwa karani, akapima ardhi, akatunza hesabu za mashamba ya watu. Ukimkuta wakati ule mtaani ungesema huyu kijana amepotea njia. Mwaka 1805, kwa urithi mdogo alioupata kutoka kwa mjomba yule yule, alikwenda Frankfurt kusomea usanifu majengo. Pale akakutana na mkuu wa shule moja ya mfano, Anton Gruner, aliyemwangalia akaona mwalimu ndani yake, akampa darasa. Fröbel alipoingia darasani alijisikia kama samaki aliyerudishwa majini. Usanifu ukaishia hapo, ingawa si kabisa, kama tutakavyoona.

Mwaka huo huo alifunga safari kwenda Uswisi, katika mji wa Yverdon, kumwona Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyekuwa gumzo la Ulaya nzima. Alirudi tena mwaka 1808 akiwa na watoto watatu wa familia moja ya Frankfurt aliowafundisha nyumbani, akakaa mpaka 1810, nusu mwanafunzi nusu mwalimu. Kwa Pestalozzi alijifunza kwamba mtoto aanze na kitu chenyewe ndipo aje kwenye neno: akione, akishike, akihesabu. Lakini aliona pia kwamba mafunzo yale hayakuwa na uzi unaoyaunganisha. Kila somo lilisimama peke yake.

Uzi aliupata kwenye mawe

Uzi huo aliupata mahali ambapo mwalimu wa chekechea hatarajiwi kabisa kuwa: kwenye maabara ya madini. Mwaka 1811 alirudi chuoni, safari hii Göttingen, kisha Berlin mwaka 1812, akasoma kwa Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele. Fuwele ni yale mawe yenye nyuso bapa na kona kali, kama chumvi ya mawe ukiitazama kwa karibu. Ukivunja punje ya chumvi vipande vinabaki vimchemraba vidogo. Weiss alikuwa anaonyesha kwamba maumbo mengi ya fuwele yanaweza kuelezwa kwa mistari michache inayopita katikati yake.

Vita vikaingilia. Mwaka 1813 Fröbel alijiunga na kikosi cha kujitolea cha Lützow kupigana na majeshi ya Napoleon. Vita vyenyewe havikumpa sifa kubwa, ila vilimpa marafiki wawili vijana, Heinrich Langethal na Wilhelm Middendorff, watakaofanya naye kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1814 alirudi Berlin kuwa msaidizi wa Weiss katika makumbusho ya madini. Kutwa nzima anapanga fuwele, anazipima, anazigeuza mkononi.

Naomba msomaji akae hapa kidogo. Huyu mtu alikuwa amelala msituni na mimea, amepima ardhi, amegusa usanifu majengo, na sasa anashika mawe yenye umbo kamili. Kila mahali aliona jambo lile lile: umbo si picha iliyobandikwa juu ya kitu, bali kanuni inayokua kutoka ndani yake. Akajiuliza, kama jiwe lina kanuni ya kukua kwake, mtoto je? Kwake jibu lilikuwa la kidini pia. Aliamini kuna umoja unaounganisha Mungu, viumbe na mwanadamu, na kwamba tufe, lisilo na mwanzo wala mwisho, ni alama ya umoja huo. Maandishi yake juu ya habari hizo ni magumu, mengine yana ukungu mtupu, na nakiri sikubaliani nayo yote. Mtoto anayeviringisha mpira anaweza kuwa anaviringisha mpira tu. Ila kanuni ya kazi aliyoitoa humo ni imara.

Keilhau na miaka ya dhiki

Mwaka 1813 kaka yake mmoja alikufa kwa homa ya vita, akaacha watoto. Mwaka 1816 Fröbel aliacha kazi ya makumbusho, akaenda Griesheim kufungua shule. Wanafunzi walikuwa watano, wote watoto wa kaka zake. Shule ilikuwa na jina refu kuliko jengo: Taasisi ya Elimu ya Ujerumani Yote. Mwaka 1817 ikahamia kijiji cha Keilhau, na Langethal na Middendorff wakamfuata. Mwaka 1818 alimwoa Wilhelmine Hoffmeister, mwanamke msomi wa Berlin aliyeacha maisha ya raha mjini akaja kijijini kulea watoto wa watu.

Shule ilikua ikapita wanafunzi 50. Mwaka 1826 Fröbel alitoa kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Lakini serikali za Ujerumani wakati ule ziliogopa kila kitu chenye harufu ya uhuru, na shule ambayo watoto wanaruhusiwa kuuliza maswali ilitiliwa shaka. Wakaguzi walikuja, wakatoa ripoti nzuri, lakini maneno yalikuwa yameshasambaa. Wazazi walitoa watoto wao, na mwisho wa miaka ya 1820 walibaki wachache wa kuhesabu kwa vidole vya mkono.

Mwaka 1831 akaenda Uswisi, akafungua shule huku na kule, na mwaka 1835 akapewa kituo cha yatima mjini Burgdorf. Ni pale, akiwa anawatazama wadogo wasiofikia umri wa shule, ndipo alipoona kwamba alikuwa amechelewa maisha yake yote. Alikuwa anafundisha watoto wa miaka 8 na 10 mambo ambayo mlango wake ulifunguka wakiwa na miaka 3. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 50. Wengi wetu katika umri huo tutakuwa tunapiga hesabu za mafao. Yeye alianza upya.

Zawadi

Mwaka 1837 alirudi Thuringia, katika mji mdogo wa Blankenburg, akaanza kutengeneza vifaa vya kuchezea. Aliviita Zawadi, kwa mpangilio wa namba, na hapa ndipo penye jibu la swali la wenzetu wa uhandisi.

Zawadi ya kwanza ni mipira 6 laini ya uzi, kila mmoja rangi yake, yenye kamba ya kuning'inizia. Ni ya mtoto mchanga. Unaubembeza, unauficha, unaurudisha. Mtoto anajifunza kwamba kitu kipo hata kisipoonekana, na kwamba kinaenda na kurudi.

Zawadi ya pili ndiyo moyo wa kila kitu: tufe la mbao, mchemraba wa mbao, na silinda ya mbao. Tufe, popote ulishikapo, ni lile lile. Halina kona, halitulii, ukiligusa linaondoka. Mchemraba ni kinyume chake: una nyuso 6, kingo 12 na kona 8, ukiuweka unakaa. Silinda ndiyo mpatanishi wao, maana ukiilaza inaviringika kama tufe, ukiisimamisha inatulia kama mchemraba. Halafu vyote vina tundu au kikulabu cha kupitishia kamba. Funga mchemraba kwa kamba katikati ya uso wake mmoja, usokote, uachie. Unapozunguka kwa kasi, kona zinapotea machoni, unaona silinda. Mtoto aliyeona jambo hilo hatakiwi kuambiwa kwamba maumbo ni ndugu. Amewaona wakigeuka mmoja kuwa mwingine.

Zawadi ya tatu ni mchemraba uliokatwa kuwa vimchemraba 8 vinavyolingana. Ya nne ni mchemraba huo huo umekatwa kuwa vipande 8 bapa kama matofali. Ya tano na ya sita ni mikubwa zaidi, na ile ya tano ina vipande vilivyokatwa mshazari, hapo ndipo pembetatu zinapozaliwa. Mtoto anajenga kiti, daraja, kanisa. Kisha anapanga mapambo. Kisha anagundua nusu na robo bila mtu kumtajia sehemu. Kanuni ilikuwa mbili tu: tumia vipande vyote, na usibomoe cha kwanza ili ujenge cha pili, bali kigeuze taratibu kiwe cha pili.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja maumbo bapa: vibao vya mraba na vya pembetatu za namna mbalimbali. Kisha vijiti, yaani mistari. Kisha pete na nusu pete. Kisha mbegu na vijiwe, yaani nukta. Na baada ya nukta, mtoto anarudi juu: anachoma njegere zilizolowekwa kwa vijiti, njegere ndiyo kona na kijiti ndiyo ukingo, mpaka mchemraba unasimama tena mezani, sasa umebaki mifupa yake tu.

Angalieni mpangilio. Kitu kizima, kisha uso, kisha mstari, kisha nukta. Sisi tunafanya kinyume. Katika mazoezi ya kufundisha niliingia darasa moja la awali lenye watoto zaidi ya 70. Ukutani palikuwa na chati yenye maumbo manne, na watoto waliyataja kwa sauti moja nzuri kama kwaya. Nikakata mraba wa karatasi nikaushika kwa kona, ukasimama wimawima. Darasa zima likasema hicho ni kishada. Nikauzungusha ukalala, ukawa mraba. Nikauinua, ukawa kishada. Watoto wale walikuwa werevu kabisa, ila walikuwa wamejifunza picha, hawakuwa wamejifunza umbo. Mraba kwao ulikuwa kitu kinacholala kwa namna fulani kwenye chati. Pembetatu iliyosimama kwa ncha waliikataa, na ndefu nyembamba waliikataa pia, kwa sababu ya ukutani ilikuwa imenona. Mtoto aliyewahi kuushika mchemraba akaugeuza mkononi kila upande hawezi kudanganyika hivyo, maana mkono wake unajua kwamba uso ule haubadiliki ukiugeuza.

Hiyo ndiyo kazi ya kusomea. Kutaja jina la umbo ni kazi ya dakika 5. Kumfikisha mtoto alione umbo ndani ya kitu kilichopinduka, kilichokatwa, kilichozunguka, hiyo inahitaji mtu anayejua kipi kianze na kipi kifuate.

Mzee anayecheza na watoto

Mwaka 1839 Wilhelmine alifariki. Fröbel aliendelea. Siku moja alikuwa akitembea kwa miguu mlimani na wenzake kuelekea Blankenburg, huku akisumbuka kutafuta jina la kituo chake, kwa sababu hakutaka kukiita shule. Alipoliona bonde chini yake, jina likamjia: bustani ya watoto. Kwa Kijerumani ni Kindergarten, neno ambalo Kiingereza kimelichukua kama lilivyo. Sisi tunasema chekechea, na wazee wetu walisema shule ya vidudu. Tarehe 28 Juni 1840 jina hilo lilitangazwa rasmi. Alijaribu kuuza hisa za thaler 10 kwa akina mama wa Ujerumani ili kituo kipate mtaji. Zilizonunuliwa hazikufika hata robo ya alizotarajia. Mwaka 1844 kituo cha Blankenburg kikafungwa kwa kukosa fedha, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha nyimbo na michezo ya mama na mtoto.

Akawa mtu wa njiani, anakwenda mji hadi mji akieleza kazi yake. Mwanzoni alitaka kuwafunza wanaume, baadaye akaona wanawake ndio wanaomwelewa, akaanza kuwafunza wawe walimu wenye taaluma na mshahara wao. Kwa enzi ile hilo lilikuwa jambo zito kuliko mchemraba. Mwaka 1849 alihamia karibu na Liebenstein, mji wa chemchemi za tiba. Bibi mmoja wa ukoo wa kitajiri, Bertha von Marenholtz-Bülow, alifika pale kupumzika, akaambiwa na wenyeji kwamba kuna mzee mpumbavu anayerukaruka milimani na watoto wa wakulima. Akaenda kumtazama. Akamkuta mzee wa miaka 67, mwenye nywele ndefu za mvi, amezungukwa na watoto wanaocheza kwa utaratibu mzuri ajabu. Bibi yule hakucheka. Alikaa akajifunza, na baadaye akaisambaza kazi ile katika nchi nyingi za Ulaya.

Kwa hiyo wenzangu wa elimu ya awali, tunapochekwa kwenye foleni ya kafeteria, tujue tuko kwenye mstari mrefu wenye heshima.

Mwaka 1851 Fröbel alimwoa Luise Levin, aliyekuwa mwanafunzi wake, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 30. Furaha haikudumu. Agosti mwaka huo serikali ya Prussia ilipiga marufuku chekechea zote, kwa madai kwamba zinafundisha ukanaji Mungu na ujamaa. Mpwa wake, Karl Fröbel, alikuwa ameandika kijitabu chenye mawazo ya kisiasa, na waziri akawachanganya wawili hao. Mtu aliyeliona tufe kuwa alama ya Mungu akaitwa mkana Mungu. Alieleza, akaandika barua, akaomba mpaka kwa mfalme. Hakusikilizwa. Tarehe 21 Juni 1852 alifariki akiwa na miaka 70, marufuku ikiwa bado palepale. Iliondolewa mwaka 1860.

Yaliyofuata

Wajerumani waliokimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa waliibeba chekechea mizigoni. Mwaka 1856 Margarethe Schurz aliifungua moja Watertown, Wisconsin, nchini Marekani. Mwaka 1873 Susan Blow akaiingiza katika shule za umma za St. Louis. Mwaka 1876 mama mmoja aliziona Zawadi katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo ni Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo mashuhuri kuliko wote Marekani, naye uzeeni alikiri kwamba vile vipande vya mbao havikuwahi kumtoka vidoleni. Usanifu ambao Fröbel aliuacha Frankfurt ulirudi kwa mlango wa nyuma. Wenzetu wa uhandisi, hiyo ni yenu.

Lakini nisiwapambe tu. Baada ya kufa kwake wafuasi wengi waliigeuza kazi yake kuwa gwaride. Watoto waliketishwa kwenye meza zilizochorwa miraba, mwalimu akitoa amri, wote wakiinua kipande kimoja kwa pamoja na kukiweka pale pale. Mchezo ukawa kwata. Wakosoaji wa Marekani, John Dewey akiwa mmoja wao, walikuwa na haki ya kulalamika. Kifaa kizuri bila mwalimu anayekielewa kinakuwa chati nyingine ya ukutani, tofauti yake ni kwamba hiki ni cha mbao.

Nalisema hilo kwa sababu ya hapa kwetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, jambo jema. Sasa kila tukizungumza ubora tunazungumzia kununua vifaa. Vifaa tunavyo. Chungwa ni tufe. Kopo la maziwa ni silinda, na ukilifuatisha kitako chake kwenye mchanga unapata duara, yaani mtoto anaona duara likitoka ndani ya kitu. Udongo wa mfinyanzi unafanya mchemraba, na uzi unaukata kati mpaka pembetatu zionekane. Njiti za chelewa na choroko zilizolowekwa zinafanya kazi ile ile ya njegere za Blankenburg. Seremala wa mtaani ana vipande anavyochomea moto. Kinachopungua ni mtu anayejua kwa nini chungwa lije kabla ya duara, na anayethubutu kuwaacha watoto washike, hata kama darasa litapiga kelele na mkaguzi yuko mlangoni. Mtu huyo hapatikani dukani. Anasomeshwa, anapewa muda, anaheshimiwa na kulipwa vizuri.

Kaburi la Fröbel liko Schweina, karibu na mahali alipofia. Juu yake hakuna sanamu ya mzee mwenye mvi. Pana mchemraba chini, silinda juu ya mchemraba, na tufe juu ya silinda, vya mawe, vimepangwa kama mtoto angevipanga. Ukimpeleka pale mtoto wa chekechea asiyejua kusoma jina lolote, atajua mara moja huyu aliyelala hapa alikuwa anafanya kazi gani.